Saa ya Kuamka

Katika maradhi yote yanayomsibu mwanadamu, sijui yaliyo na heshima haba kuliko ya kukosa usingizi. Mwenye homa huletewa uji, aliyevunjika mguu hutembelewa na jamaa na majirani, lakini mtu aliyekesha kitandani, akitoka asubuhi na macho mekundu, huulizwa kwa kebehi amekunywa nini jana, na akizidi kulalamika huambiwa ana mawazo mengi, kana kwamba mawazo huvuliwa kama kanzu kabla ya kulala. Mimi niliishi na maradhi haya sehemu kubwa ya ujana wangu, nikayachukua kutoka pwani hadi bara, na ilinilazimu kufika Mpanda ndipo nipate kuyafahamu. Nayaandika kwa sababu naamini wapo wenzangu, tena wengi kuliko wadhaniwavyo, wanaosikiliza majogoo usiku wa manane huku kila mmoja akidhani yu peke yake.

Mimi ni mzaliwa wa Pangani, na nilifika Mpanda kwa garimoshi, kama walivyofika wageni wengi wa zama zile ambazo masika yalipoanza hapakuwa na dereva aliyekuahidi siku ya kufika. Reli ile, iendayo kilomita 210 kutoka Kaliua, ikikata misitu ya miombo na kuuvuka Mto Ugalla, ilijengwa na serikali ya Kiingereza mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya machimbo ya risasi, na machimbo yalipofungwa reli ikabaki, ikichukua mahindi, asali, tumbaku na watumishi wenye masanduku ya bati. Nilikuwa nimepata kazi ya ukarani katika chama cha msingi cha wakulima wa tumbaku. Mpanda ilikuwa ingali wilaya ya Rukwa, maana Mkoa wa Katavi haukuzaliwa hadi mwaka 2012. Umeme ulikuwa wa mtambo wa dizeli, na ulipozimika, jambo ambalo halikuwa nadra, giza na kimya viliufunika mji kiasi cha kumfanya mtu wa pwani adhani kwamba hapa, ikiwa hapana pengine duniani, ndipo atakapolala usingizi wa pono. Nilikesha vilevile.

Jambo la kwanza lililonishangaza lilikuwa jua. Nchi yetu yote hufuata majira mamoja ya saa, nayo yamepimwa kwa mstari wa longitudo ya 45 unaopita karibu na Mogadishu, ilhali Mpanda iko kwenye longitudo ya 31, mbali sana magharibi. Kwa hiyo jua la Mpanda huchomoza nusu saa nzima baada ya jua la Pangani, na katika miezi ya Juni na Julai saa ya ukutani hufika saa moja asubuhi kabla jua lenyewe halijatokeza. Aliyezoea kuamka kwa adhana ya alfajiri huikuta adhana nayo imechelewa, kwa kuwa sala hufuata jua. Lakini ofisi haifuati jua, na karani hana hoja ya kumweleza mwenyekiti wake kwamba kwa hesabu ya mbingu yeye hajachelewa. Usiku nao, saa tatu ikifika, mwili aghalabu ungali katika saa mbili na nusu.

Msomaji atasema nusu saa ni kitu kidogo, nami nisingebishana naye lau nisingekuja kusoma, miaka mingi baadaye, kwamba wachumi waliochunguza usingizi wa Wamarekani waishio pande mbili za mipaka ya majira waliona kuwa wale ambao jua huwachwea kwa kuchelewa hulala pungufu ya jirani zao kwa wastani wa dakika 19 kila usiku, kwa sababu ileile ya Mpanda: hulala kwa jua, huamka kwa saa ya kazini. Na mwaka 2017 Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba kwa kufichua, katika miili ya inzi wadogo wa matunda, jinsi saa ya ndani ya kiumbe inavyokwenda. Saa hiyo tunayo sote, na mwanga wa jua, hasa ule wa asubuhi, ndio unaoirekebisha kila siku.

Wakati ule sikuyajua hayo. Nilijua tu kwamba nikilala saa nne nilikuwa macho saa nane, na kwamba kuanzia saa nane hadi jogoo la kwanza palikuwa na muda mrefu kuliko mchana wowote. Msimu wa masoko, mkulima alipoleta marobota yake yakapimwa na kupangwa madaraja, mahesabu yote yalinijia mimi. Na kwa kuwa chumba changu kilikuwa na kiti kimoja kibovu, niliyafanya kitandani, taa ya kandili kando na birika la kahawa chini ya uvungu. Jumamosi nilijilipa deni kwa kulala hadi adhuhuri, nikaiita mapumziko. Hakuna katika hayo lililokuwa geni. Karibu kila kijana wa ofisi niliyemfahamu aliishi hivyo, na wa leo huishi hivyo, ila mahali pa kandili pamekaliwa na simu.

Nyuma ya nyumba niliyopanga, kupita shamba dogo la mihogo, palikuwa na mabani mawili ya mzee mmoja wa Kikonongo, mkulima wa tumbaku ya mvuke. Asiyepata kuiona kazi hii hawezi kuikisia. Majani yakichumwa hufungwa kwenye fito, fito zikapangwa ndani ya bani safu juu ya safu hadi darini, kisha moto ukawashwa katika tanuri lililo nje, na joto likapita katika mabomba ya bati yaliyolazwa sakafuni. Kwa muda wa wiki moja hivi joto hilo hupandishwa kidogo kidogo, kutoka nyuzi 35 au zaidi kidogo, jani lipate kugeuka manjano, hadi kufikia nyuzi 70, uti wa jani ukauke kabisa. Joto likipanda kwa pupa jani lingali bichi, huungua likawa jeusi. Moto ukilegea, huingia madoa. Na katika hali zote mbili jasho la tangu kitaluni Septemba hupotea kwa usiku mmoja. Basi mkulima wa tumbaku ya mvuke hana ruhusa ya kulala usiku kucha. Sharti aamke, achungulie kipimajoto, aongeze gogo au apunguze, na arudi kujilaza.

Usiku mmoja aliniita kutoka uani.

“Karani, mbona taa yako haizimiki?”

“Usingizi sina, mzee.”

“Kama huna, unaungoja nini humo ndani? Njoo tuchochee moto.”

Nilikwenda, kwa kuwa staha ya kijana kwa mzee haikuniachia njia nyingine, nikaketi juu ya gogo na mgongo wangu nimeuegemeza kwenye ukuta wa tope wenye vuguvugu. Nikamtazama. Alijilaza juu ya jamvi, kichwa juu ya gunia lililokunjwa, na kabla sijamaliza sentensi niliyoianza alikuwa amekwisha kulala. Baada ya muda aliamka bila kuamshwa, akamulika kwa tochi kwenye kidirisha cha bani, akasoma kipimajoto, akasukuma gogo ndani kwa mguu, akarudi jamvini, akalala tena papo hapo. Alifanya hivyo usiku mzima pasipo kuguna wala kuapiza, na hakuna wakati hata mmoja nilipomwona amelala chali akitazama nyota na kuhesabu saa zilizobaki. Kukicha, bani likiwa limeachiwa mwanawe, alishika ndoo akaenda kisimani katika saa ileile aliyokwenda siku zote, kana kwamba usiku uliopita haukumhusu. Na mchana, baada ya chakula, alijinyoosha kidogo kivulini mwa mwembe, kailula ambayo ingempendeza hata babu yangu wa Pangani, akaamka kabla jua halijaanza kuinama.

“Mzee, huchoki?” nilimwuliza.

“Nachoka. Ndiyo maana nalala.”

Jawabu lile nililiona wakati ule kuwa la mzaha, na ilinichukua msimu mzima kulipambanua. Yeye hakuogopa kuamka. Mimi niliamka mara moja, na kuamka kule kukawa mashtaka, ushahidi na hukumu: kesho sitaweza kazi, siha yangu inaharibika, pengine nina maradhi; na moyo ukaenda mbio, na moyo unaokwenda mbio haulali. Kitanda nacho, kwa kukaliwa na mahesabu, kahawa na hofu, kilikuwa kimefunza mwili wangu kwamba hapo ni mahali pa kuwa macho, nao ukalishika fundisho hilo kwa uaminifu mkubwa. Ukutani kwa bani, mahali ambapo sikutazamia kulala na wala hapakuwa na mtu wa kunidai usingizi, nilisinzia.

Ujuzi wa wataalamu ulikuja kumwunga mkono mzee yule nikiwa nimekwisha kuwa na mvi. Hapa hapa nchini mwetu, kando ya Ziwa Eyasi, mtafiti David Samson na wenzake waliwavalisha Wahadzabe wazima 33 vifaa vya mkononi vya kupimia usingizi kwa muda wa siku 20, wakatangaza mwaka 2017 kwamba katika siku zote hizo dakika ambazo watu wote hao walikuwa wamelala kwa pamoja zilikuwa 18 tu. Wakati mwingine wote palikuwa na mtu aliye macho, au anayejigeuza, au aliyetoka kuchochea moto, na hapakuwa na aliyejihesabu kuwa mgonjwa. Mwanahistoria Roger Ekirch naye, katika kitabu chake cha mwaka 2005, ameonyesha kwa nyaraka nyingi kwamba hata Wazungu, kabla ya taa za mitaani kuenea, walizoea kulala usingizi wa kwanza, wakaamka usiku wa manane wakaomba, wakazungumza, kisha wakalala wa pili. Sidai kwamba kuamka usiku ni jambo la kutafutwa. Nasema tu kwamba ni la kale, na kwamba aliyeamka hakupatwa na msiba.

Basi nikaanza kujitengenezea ada. Niliyoishika kwa ukali kuliko zote, na ambayo nikilazimishwa kuacha mengine yote nitabaki nayo, ni saa ya kuamka: saa kumi na mbili, iwe nimelala sana, iwe sikulala, iwe Jumatatu, iwe sikukuu. Watu hudhani kwamba cha kudhibitiwa ni saa ya kulala, na hapo ndipo wanaposhindwa, kwa sababu hakuna mwenye amri juu ya kusinzia. Lakini kusimama kwa miguu miwili kila mtu ana amri nako. Siku za mwanzo zilikuwa za mateso, sikatai, hasa Jumamosi. Ila kila usiku mbaya, maadamu sikuulipa kwa kulala hadi adhuhuri, uliniongezea hamu ya usingizi kwa usiku uliofuata, na hamu hiyo ikikusanyika haihitaji kubembelezwa. Nikiisha kuamka nilitoka nje, nikaenda kwa miguu hadi upande wa stesheni, jua la Mpanda likinikuta njiani katika saa yake ya kuchelewa, likinipiga usoni. Nililitenda hili kwa kumwiga mzee na ndoo yake. Maana yake niliijua baadaye sana.

Kahawa niliikomesha saa sita mchana. Mwana wa pwani hatanielewa kwa urahisi katika hili, nami namwonea huruma, kwa kuwa kahawa ya jioni barazani ni nusu ya mazungumzo. Lakini dawa iliyo ndani yake hukaa mwilini muda mrefu, na baada ya kadiri ya saa tano nusu yake ingali imo, hata mtu anywaye kikombe saa kumi jioni huingia kitandani saa tatu akiwa amebeba nusu kikombe. Mahesabu nikayahamishia mezani, baada ya kumlipa seremala wa Makanyagio kunitengenezea kiti kipya. Na nikijikuta macho usiku, sikubaki nimelala nikigaagaa: niliinuka, nikaketi kitini kwenye mwanga hafifu, nikasoma kitu kisicho na haraka, nikarudi kitandani pale tu kope zilipokuwa nzito. Saa ya mkononi niliifungia ndani ya sanduku la bati, nisipate kuitazama usiku. Isha ikiisha kusaliwa, mazungumzo mazito hayakuwa na nafasi tena, adabu ambayo kwetu Waislamu ni ya tangu zama za Mtume, na ambayo leo ningeielekeza kwa simu kabla ya kuielekeza kwa wageni: mwanga wake machoni ni nusu ya madhara, na nusu ya pili, kwa maoni yangu kubwa zaidi, ni zile habari zinazomtia mtu hasira saa tano usiku juu ya watu asiowajua.

Kuhusu kelele, ambazo ndizo hulaumiwa mwanzo, nina machache. Nilipata kulala Sitalike, kusini ya Mpanda, kwenye lango la Hifadhi ya Taifa ya Katavi iliyotangazwa mwaka 1974, karibu na daraja la Mto Katuma. Kiangazi maji ya mto hupungua, viboko wakasongamana kwa mamia katika madimbwi ya tope, na jua likizama hutoka kwenda kula majani, wakikoroma na kufoka kwa sauti inayotikisa kifua. Sikupata lepe la usingizi. Asubuhi nikamwuliza mwenye nyumba ya wageni vipi watoto wake wanalala. Akanitazama kwa mshangao, akaniambia kwamba watoto huamka pale viboko wanaponyamaza, maana kunyamaza kwao huenda kuna jambo. Sauti iliyozoeleka humpita mlalaji, ile ya ghafla na isiyojulikana ndiyo humwamsha. Na ndiyo maana muziki wa baa unaoanza na kukatika ni adui mkubwa kuliko mtambo unaonguruma kwa mfululizo.

Lakini sitaki nimdanganye mtu kwamba kila kukesha huponywa kwa ada. Kazi yangu ilinipeleka mara kwa mara Katumba, makazi yaliyofunguliwa mwaka 1973 kwa ajili ya Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972, ambao wengi wao wamekuwa raia wenzetu kwa vyeti walivyoanza kukabidhiwa mwaka 2014. Walikuwa wakulima hodari, na sisi makarani tuliwajua kwa ubora wa mashamba yao. Bibi mmoja mzee, ambaye tulimzoea kwa ukarimu wake wa ndizi, alinieleza kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba tangu usiku aliovuka mpaka hajapata kulala na kuupa mlango mgongo, akanionyesha jinsi kitanda chake kilivyowekwa ili macho yake yakifunguka yaone kitasa kwanza. Ningemwambia nini? Aache kahawa? Wapo ambao macho yao yanalinda kitu, na dawa yao, ikiwapo, ni kusikilizwa na mtu mwenye ujuzi na subira, wala si kiti kipya cha seremala.

Na nchi hii iliyonifunza kulala ni nchi ya malale pia. Mbung'o wamejaa misituni mwake, wang'atao mchana, tena kupitia nguo. Apitaye hifadhini ataona vitambaa vya buluu na vyeusi vilivyotundikwa kuwanasa. Wazee walisimuliwa na wazazi wao jinsi serikali ya kikoloni ilivyowahamisha watu wa magharibi ya Tanganyika kutoka vijiji vyao vilivyotawanyika na kuwakusanya mahali palipofyekwa, ili kuwatenga na mdudu huyo. Na kwa jirani zetu Uganda, kati ya mwaka 1900 na 1920, maradhi hayo yaliwaua watu zaidi ya 200,000. Wengi hudhani mgonjwa wa malale hulala kupita kiasi. Sivyo. Vimelea vikisha kuingia ubongoni huivuruga ile saa ya ndani, mgonjwa akawa anasinzia mchana mbele ya sahani ya ugali, na usiku yu macho, akizunguka uani. Jamaa zake, wasiojua, humwona mvivu, au mlevi, au aliyerogwa.

Ndiyo sababu nawaomba wenzangu wa Katavi wasiwe wepesi wa kukimbilia vidonge vya usingizi dukani. Diazepam, ambayo huuzwa kwa wepesi usiofaa, huzoewa na mwili kwa muda mfupi, na kuiacha baadaye ni kazi kuliko kukesha kwenyewe. Pombe nayo humlaza mtu mapema ikamwamsha usiku wa manane akiwa na kiu na majuto. Anayekoroma kwa nguvu huku pumzi zikikatika, akashinda mchana anasinzia, amwone tabibu, maana huyo halali hata kama yuko kitandani kwa muda wa saa kumi. Na mtu aliyepita porini, akafuatwa na homa isiyosikia dawa ya malaria, kisha akaanza kulala mchana na kukesha usiku, apelekwe hospitali siku hiyohiyo, na jamaa wawataje mbung'o waziwazi ili damu yake itazamwe kwa hadubini. Malale ya upande wetu huweza kuua katika muda wa miezi, na kabla hayajafika ubongoni tiba yake huwa nyepesi zaidi.